Volkswagen Mbele ya Baraza la Marani

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: je, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani inastahili heshima ambayo jina lake limebeba nchini mwetu tangu enzi za ukoloni? Si swali la matajiri wa Nairobi peke yao. Hapa Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, gari la kwanza la familia hununuliwa kwa fedha za miaka mingi: za majani chai, za ndizi, za mshahara wa ualimu, za mtoto aliyeko ng'ambo. Atakayechagua vibaya hubaki na chuma kilichofunikwa turubai nyuma ya nyumba, na mkopo wa sacco haujalipwa hata nusu. Ndiyo maana watu huulizia jina la gari kwa makini, kama wanavyoulizia ukoo wa mchumba.

Nimepanga sauti nne zishindane. Ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu aliyewahi kumiliki Volkswagen ya mgongo wa mviringo. Ya pili ni ya dereva wa Toyota Probox wa njia ya Kisii na Marani. Ya tatu ni ya fundi wa gereji, na ya nne ni ya binti aliyesomea historia chuo kikuu. Sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja anasema yanayosemwa na wengi. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Mwalimu: Nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1962. Pasaka ile, aliyekuwa na redio hakuwa na nafasi ya kukaa nyumbani mwake, kwa jinsi watu walivyojaa kusikiliza mbio za magari za Safari. Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakashinda ndani ya Volkswagen yenye injini ya 1,200cc. Kigari kidogo, injini nyuma, hakina radieta, kikayaacha magari makubwa kwenye tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Wala haikuwa bahati. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nacho mwaka 1954. Gus Hofmann na Arthur Burton wakashinda nacho 1957. Mercedes-Benz, Mjerumani mwenzake mwenye fedha zaidi, akalichukua kombe miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961, kisha Volkswagen ikaja kulirudisha. Gari lililopimwa hivyo, kwenye barabara zetu wenyewe na kwenye mvua yetu wenyewe, halihitaji tangazo la gazeti. Niliponunua langu, nilijua ninachonunua.

Dereva: Mwalimu, heshima yako iko palepale. Lakini hesabu miaka. Tangu 1962 hadi leo ni zaidi ya miaka sitini, na Volkswagen haijashinda Safari tena. Mwaka 1963 tayari ni Peugeot. Baadaye ikaja Datsun. Edgar Herrmann, mzaliwa wa Ujerumani, alishinda mwaka 1970 na 1971, na alishinda ndani ya Datsun ya Japani. Mjerumani mwenyewe kapanda gari la Mjapani! Kisha Toyota wakaja katika miaka ya 1980 na 1990 wakaifanya Safari shamba lao. Sisi madereva tulifuata njia hiyohiyo. Simama stendi ya Kisii asubuhi uhesabu. Utaona Probox, na nyuma yake Probox nyingine.

Mwalimu: Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, Onkar Rai alimaliza wa saba akiwa na Polo. Mkenya huyo.

Dereva: Wa saba, mzee wangu. Na gari lile si lile linalouzwa dukani. Mimi nazungumzia gari linalobeba watu alfajiri, likirudi linabeba mikungu ya ndizi hadi soko la Daraja Mbili, jioni linapeleka mgonjwa hospitalini. Probox ilitoka kiwandani mwaka 2002 ikiwa gari la mizigo la makampuni ya Japani. Hakuna aliyeitengeneza akiifikiria Marani. Lakini nikivunja bushi hapa, nitapata nyingine mjini kabla ya chakula cha mchana, na wauzaji watano watashindana kuniuzia. Nikitaka kuliuza gari lenyewe, mnunuzi yupo kesho. Kwangu hiyo ndiyo sifa ya gari.

Binti: Ninaomba tusisahau kitu kimoja kuhusu Safari za wakati ule. Waliokuwa ndani ya magari ni walowezi na Waasia wachache. Wazee wetu walikuwa kando ya barabara, wakisukuma magari yaliyokwama. Sifa ilijengwa mbele ya macho yetu na kwa mikono yetu, lakini hatukuwa sisi tulioshika usukani.

Mwalimu: Hilo ni kweli, binti yangu. Lakini baada ya uhuru gari lile ndilo lililoshuka hadi kwetu. Mercedes ilibaki ya wakubwa, mpaka ikawazalia jina la Wabenzi. Volkswagen alinunua mwalimu mkuu, karani, mhubiri. Ilikuwa gari la mtu anayefanya kazi.

Fundi: Sasa niseme kwa nini, maana Mwalimu anasifu bila kufungua boneti. Na gari lile ukitaka injini unafungua nyuma. Injini yake imeshikwa na giaboksi kwa boliti nne tu. Watu wawili wenye jeki na spana wanaishusha chini kabla jua halijawa kali. Haina maji, inapozwa kwa upepo wa feni, kwa hiyo hakuna radieta ya kuvuja wala mpira wa maji wa kupasuka ukiwa mlimani. Uzito wa injini unakandamiza matairi ya nyuma, na hayo ndiyo yanayosukuma gari, kwa hiyo kwenye udongo huu wetu mwekundu uliolowa linashika pale gari lenye injini mbele na msukumo nyuma linapobaki kuzungusha magurudumu. Chini liko bapa, halina vitu vingi vya kugonga mawe. Udhaifu wake upo. Mkanda wa feni ukikatika na dereva asione taa, injini inaungua. Vali zinataka kurekebishwa mara kwa mara. Lakini kila udhaifu wake mtu wa kawaida aliweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Mafundi wengi wa rika la waliotufundisha walianzia kwenye injini hiyo. Yaani lile gari lilikuwa darasa.

Hapa ninaingia. Maneno ya Fundi yanagusa jambo ambalo vitabu vya kampuni hulitaja haraka na kupita. Kutoka kiwandani hutoka gari, na huo ni mwanzo tu. Sifa inakuja baadaye, huku, pale mtu asiyelipwa na kampuni anapolirudisha gari barabarani. Beetle kama ile ya Mwalimu, zaidi ya milioni 21, ziliundwa hadi ile ya mwisho ilipotoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, na sehemu kubwa ya heshima yao iliwekwa na mafundi wa mahali kama hapa, kote duniani. Kampuni ilikopa jina kutoka kwa watu hao. Nitakachokitafuta katika mjadala wote uliobaki ni kama mkopo huo umelipwa.

Binti: Mimi nitaanza kabla ya Safari. Hili gari mnaloliita la mtu anayefanya kazi lilibuniwa chini ya Hitler. Ferdinand Porsche alilisanifu, na tarehe 26 Mei 1938 Hitler mwenyewe aliweka jiwe la msingi la kiwanda. Wajerumani wa kawaida waliambiwa waweke akiba, marki tano kwa wiki, wanunue stempu na kuzibandika kwenye kitabu mpaka zifike marki 990 za bei ya gari. Watu kama 336,000 walijiunga. Vita vikaja, kiwanda kikageuzwa cha magari ya jeshi, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa gari. Ilichukua mpaka 1961 waliokuwa wakidai mahakamani kupewa punguzo la bei. Hebu fikirieni chama cha akina mama hapa Marani kinachangishwa miaka yote hiyo kisha kinaambiwa basi.

Dereva: Hao viongozi wa chama wangekuwa wamehama kijiji.

Binti: Na hilo ndilo dogo. Wakati wa vita, watu kama 20,000 walilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda hicho: Wapoland, Warusi, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake waliojifungua wakiwa utumwani walinyang'anywa watoto, wakapelekwa kwenye nyumba ya watoto kijijini Rühen. Zaidi ya watoto 300 walifia huko kwa uchafu, maradhi na kutotunzwa. Daktari wa kiwanda, Hans Körbel, alihukumiwa na mahakama ya Waingereza na kunyongwa mwaka 1947. Mwalimu, hata nikipenda umbo la gari lile, siwezi kulitazama nikasahau wale watoto.

Mwalimu: Sikukatazi, binti yangu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote na jambo hilo linaniuma. Lakini nikuulize. Kama tutazipima kampuni kwa damu, tutaanzia wapi na kuishia wapi? Sisi ni Wagetutu. Mwaka 1908 Otenyo wa hapa kwetu Kitutu alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, na inasimuliwa kwamba mtabiri Moraa ndiye aliyewapa vijana moyo. Waingereza walileta jeshi, wakaua, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe. Septemba 1914 Wajerumani wakaja kwa bunduki, wakauteka mji wa Kisii, wakapigana siku moja na kurudi walikotoka. Watu wetu walipochukua vitu vilivyoachwa mjini, ni Mwingereza tena aliyerudi kuwaadhibu. Lakini tumepanda Land Rover na Bedford bila kuuliza. Kwa nini Mjerumani peke yake ndiye aulizwe?

Binti: Swali zuri, tata, na jibu lake ni hili. Land Rover ilianza kutengenezwa 1948. Waliochoma nyumba za Kitutu ni serikali na jeshi lake, na hao nawadai kwa njia nyingine. Kwa Volkswagen, uovu ulifanyika ndani ya uzio wa kiwanda chenyewe, kwa faida ya kiwanda chenyewe. Daktari alikuwa wa kiwanda. Hapo simdai mtoto dhambi ya baba, namdai mwenye nyumba yaliyotendeka ndani ya nyumba yake.

Mwalimu: Na amelipa?

Binti: Kwa kuchelewa. Miaka arobaini ilipita kabla ya kampuni kumwita mwanahistoria Hans Mommsen, mwaka 1986, aifungue historia yake. Kitabu chake na Manfred Grieger kilitoka 1996, kinene, na hakifichi. Mwaka 1998 ukaanzishwa mfuko wa kuwalipa waliolazimishwa kazi. Wengi wao walikuwa wameshakufa. Nakubali kwamba kampuni nyingi hazijafanya hata hayo.

Mwalimu hakujibu mara moja, na nadhani alifanya vyema. Hoja yake kuhusu Mwingereza inanigusa kwa sababu ni ya hapa. Hata hivyo Binti ameshinda sehemu hii. Kuna tofauti kati ya kampuni iliyotoka katika taifa lenye dhambi na kampuni ambayo karakana zake zilikuwa mahali pa dhambi.

Fundi: Kuna kitu nimesikia kuhusu Mwingereza aliyelifufua gari hilo. Ni kweli?

Binti: Ni kweli. Meja Ivan Hirst, afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1945 alikuta kiwanda kimepigwa mabomu, akapata gari moja, akalipaka rangi ya jeshi, akawaonyesha wakubwa wake, na wakaagiza magari 20,000. Makampuni ya magari ya Uingereza yalipewa nafasi ya kukichukua kiwanda yakakidharau, yakisema gari lenyewe ni baya na halina soko. Wamarekani wa Ford nao hawakukitaka. Kikarudishwa kwa Wajerumani mwaka 1949, chini ya Heinrich Nordhoff. Agosti 1955 walikuwa wametoa gari la milioni moja.

Fundi: Kwa hiyo aliyeliokoa ni mtu aliyekuja na spana. Sawasawa.

Dereva: Mimi nina shida na Volkswagen ya sasa kuliko ya Hitler. Kuna jamaa amenunua Golf iliyotumika kutoka Japani. Safi, inang'aa, taa zinawaka hadi mlangoni. Imepanda huku miezi michache, giaboksi ikaanza kuruka, mara gari linasita mlimani na abiria ndani. Kaipeleka kwa mafundi watatu. Wa tatu akamwambia aipeleke Nairobi kwa breki-dauni.

Fundi: Hiyo ni DSG, ile ya gia saba yenye klachi kavu. Ni giaboksi mbili katika moja: klachi moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, na kompyuta inazibadilishana haraka kuliko mkono wa mtu. Kwenye barabara kuu ya Ulaya ni kitu cha ajabu kwa uzuri. Lakini klachi kavu haipendi foleni wala mlima wa mwendo wa kutambaa, na hiyo ndiyo barabara yetu kuanzia Januari hadi Desemba. Mwaka 2013 kampuni yenyewe iliyaita magari kama milioni 1.6 duniani kote, yabadilishwe mafuta ya giaboksi ya aina hiyo. Sisemi kila moja ni mbovu. Nasema mwenye nayo huku anahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwenye programu ya Volkswagen, na mwenye spea. Ni vitu vitatu, na mimi nina kimoja. Mashine ninayo, ya Kichina. Inaniambia kuna hitilafu, lakini hainiambii nifanye nini.

Mwalimu: Hata Toyota mpya ina kompyuta.

Fundi: Ina, Mwalimu. Lakini Probox imejaa kiasi kwamba makosa yake yote tumeshayafanya na kujifunza. Elimu ya Probox imo mikononi mwa mafundi wote wa Kisii. Elimu ya Golf imefungiwa kwenye programu ya kununua kila mwaka, na bei yake ni ya gereji kubwa. Mwanzo kampuni hii ilitupa darasa, sasa imefunga mlango wa darasa.

Binti: Na wakati mlango umefungwa, angalieni walichokuwa wakikifanya ndani. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima magari ya dizeli ya Volkswagen barabarani, matokeo yakatolewa 2014: moshi wenye sumu ulizidi mno uliopimwa maabara. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikatangaza sababu. Ndani ya kompyuta ya gari mlikuwa na programu inayotambua kwamba gari linapimwa. Likiwa kwenye kipimo, injini inasafisha moshi. Likirudi barabarani, inaacha. Oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara arobaini ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache baadaye, na gharama yake imepita euro bilioni 30.

Dereva: Huku nani anapima moshi? Mimi naogopa askari anayehesabu vichwa vya abiria.

Binti: Ndiyo sababu linatuhusu zaidi. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika kuingia likiwa halijazidi miaka minane. Gari la dizeli la mwaka 2014 lilikuwa na haki ya kuingia Kenya hadi 2021. Ulaya walilazimika kuyaita na kuyarekebisha. Likishavuka bahari, nani atalifuata hadi Sensi au Kegogi huku kwetu aliulize kama limerekebishwa? Pafu la mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule Kegogi si tofauti na la mtoto wa California.

Fundi: Mnisikilize. Mimi moshi nausikia puani, najua. Lakini kilichonichoma ni kingine. Kazi yangu yote ni kuamini chombo. Nikiweka kipimo cha betri kikasema volti kumi na mbili, naamini. Nikisoma kompyuta ikasema plagi ya tatu haichomi, naamini, namwambia mteja, mteja ananipa pesa yake kwa sababu ya neno hilo. Walichofanya wale ni kuifundisha mashine kusema uongo mbele ya anayepima. Hilo halikufanywa na mfanyakazi mlevi wa usiku. Ni wahandisi, watu wa kazi yangu, waliokaa mezani wakaandika uongo mstari kwa mstari. Fundi akifanya hivyo hapa Marani, hafungui gereji tena.

Sikutegemea sauti hii iwe kali kuliko ya mwanahistoria, lakini nimeiacha jinsi ilivyo. Fundi amelipokea kosa la 2015 kama tusi kwa kazi yake, na nadhani hakuna aliyelieleza vizuri zaidi. Katika shauri la pili, kampuni haiwezi kumsingizia Hitler.

Mwalimu: Nimesikia, na silitetei. Lakini msilizungumzie shirika kana kwamba halijawahi kutufanyia lolote. Mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliwaamuru mawaziri warudishe magari makubwa, wapewe ya injini isiyozidi 1,800cc. Gari walilopewa lilikuwa Volkswagen Passat. Baadhi walilalamika waziwazi, wakaona wameshushwa hadhi. Mimi nilifurahi. Waziri ndani ya Passat ni waziri mwenye kiasi. Tena Kombi ziliwahi kuunganishwa hapa Kenya katika miaka ya 1970, na ndizo zilizobeba watalii mbugani, paa limeinuliwa. Kazi hiyo ilisimama. Desemba 2016, Uhuru akiwa rais, wakarudi Thika, Polo Vivo zikaanza kuunganishwa kwenye kiwanda cha KVM. Ni ajira za watoto wetu.

Binti: Walitangaza wanataka kufika magari 5,000 kwa mwaka. Polo zenyewe zilikuja vipandevipande kutoka kiwanda chao cha Uitenhage, Afrika Kusini, huku zikafungwa pamoja. Lakini Mkenya anayenunua gari kwa mara ya kwanza ananunua lililotumika, kwa sababu jipya, hata lililounganishwa Thika, ni ghali kwake. Miezi kumi na minane baadaye, Juni 2018, wakafungua Kigali pia, wakiwa na mpango wa watu kukodi gari kwa simu badala ya kulimiliki. Ni wazo la mji wenye lami.

Dereva: Nani kati ya wateja wa Thika alikuwa wa Marani?

Mwalimu: Huwezi kulaumu kiwanda kwa umaskini wetu.

Dereva: Simlaumu kwa umaskini, Mwalimu. Namlaumu kwa kuja na jina ulilompa wewe na baba yako, akaliuza Westlands, Nairobi.

Hapo nasimama na Dereva, ingawa amesema kwa ukali. Waliorudi Thika mwaka 2016 walirudi na kumbukumbu ya gari la mwalimu mkuu na mhubiri, lile lililofunguliwa na kufungwa chini ya mti. Walicholeta ni gari zuri, salama, ambalo fundi wa Marani hawezi kulifungua. Mkopo niliouulizia mwanzoni haujalipwa. Na siwaambii wafufue Beetle. Injini ile ilichafua hewa na gari lile halikumlinda aliye ndani likigongwa. Ninachodai kinawezekana leo: vitabu vya ufundi na programu ya kusomea hitilafu vitolewe kwa bei ambayo gereji ya kijijini itaimudu, mafunzo yafike vyuo vya ufundi vya kaunti, na spea za kawaida ziwe na duka Kisii. Kampuni iliyomudu kulipa mabilioni ya euro kwa ajili ya uongo wake haiwezi kusema hayo ni ghali.

Mwalimu: Sasa jambo la nyumbani. Mjukuu wangu ana akiba. Anataka Golf. Ameipenda kwa sababu yangu, kwa hadithi zangu. Nimwambie nini?

Dereva: Probox.

Mwalimu: Nimekusikia tangu asubuhi, mwanangu. Fundi?

Fundi: Ana kazi gani?

Mwalimu: Muuguzi. Anakaa mjini Kisii, anakuja huku Jumamosi.

Fundi: Basi habebi ndizi. Anaweza. Lakini kwanza, ikiwezekana apate yenye gia za mkono. Huko Japani ni adimu, zile za Uingereza zipo zaidi. Akikosa, aulize ni giaboksi gani hasa. Ile ya gia sita yenye klachi ya mafuta inavumilia mlima kuliko ile ya saba iliyo kavu. Adai karatasi za matengenezo, na kama hazipo ahesabu kwamba mafuta ya giaboksi hayajawahi kubadilishwa. Na asiwape wauzaji akiba yote. Abakize sehemu, nono, kwa spea ya kwanza itakayotoka Nairobi.

Binti: Na kama ni dizeli, aandike namba ya chasisi aulize kama ni katika yale yaliyoitwa 2015, na kama lilirekebishwa.

Mwalimu: Na wewe utalishika? Umesema una kimoja katika vitatu.

Fundi: Nitalishika. Ila alilete likiwa bado zima, wiki ileile linapofika, asingoje liharibike. Tutaanza na mafuta ya giaboksi, na nitapiga picha kila boliti ninayofungua. Nina vijana wawili gerejini ambao hawajawahi kuona ndani ya gari la Mjerumani.